Wauza marumaru, tuandikieni namba ya shedi kwenye risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niseme na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Moshi, na kupitia kwao niwafikie wenye viwanda. Ombi langu halimgharimu mtu hata shilingi mia. Mteja akinunua marumaru, risiti yake iandikwe jina la marumaru, vipimo vyake na namba ya shedi, yaani ya mkolezo wa rangi, iliyopigwa ubavuni mwa boksi. Nitaeleza sababu kwa kirefu kidogo, maana jambo hili linaumiza wengi na kila mmoja analilia kivyake ndani ya nyumba yake.

Mimi ni mshonaji, naishi Pasua. Nyumba yetu ni ya bloku, aliijenga marehemu baba, na ilipofika zamu yangu kuishika bati zilikuwa zimechoka, lipu inabanduka na bafuni maji yanatuama. Naikarabati tukiwa humo humo, mimi, watoto na mama yangu mzazi. Hatuna fedha ya kuhama tukapange kwingine, wala ya kumaliza kazi kwa mkupuo. Januari watu wakishonesha sare za shule, chumba kimoja kinapigwa lipu. Kikoba kikivunjwa, linapatikana dirisha la aluminiamu. Mchezo ukinifikia, nanunua maboksi machache ya marumaru, yanasukumwa uvunguni kusubiri mengine. Sisemi haya nionewe huruma. Pita Majengo, Njoro au Kiboriloni uangalie ni nyumba ngapi zina pazia dirisha hili na mbao zimepigiliwa dirisha la pili. Hivi ndivyo wengi wetu tunavyojenga, na wauza vifaa wanatujua kwa sura kwa sababu tunarudi na kurudi.

Kuishi ndani ya ukarabati kuna adha zake. Mashine nazifunga nailoni kila asubuhi kabla fundi hajawasha grenda, na kitambaa cheupe cha mteja nakishona usiku baada ya kudeki, maana vumbi la saruji likishaingia kwenye weupe halitoki. Mama amelala karibu kila chumba cha nyumba ile, kitanda chake kikihamishwa kumpisha fundi, na kwa muda mrefu alilala kwenye chumba changu cha kukatia, katikati ya majora ya vitambaa. Jiko liko baraza ya nyuma. Masika ikija na upepo, mmoja anageuza ugali na mwingine ameshika turubai. Yote hayo yanavumilika, kwa kuwa hatua iliyokwisha imekwisha, unaiacha na kwenda ya mbele. Kinachonichoma ni kuambiwa hatua uliyoimaliza haijaisha, na sababu iwe ni taarifa ambayo ilikuwepo dukani, imeandikwa, ila hakuna aliyekusomea.

Ilikuwa hivi. Tulitandika nusu ya sebule marumaru za sentimita 60 kwa 60, rangi ya krimu. Fedha ikakata. Miezi ikapita, nikarudi duka lilelile na risiti yangu mkononi. Muuzaji akasoma jina akaniambia, "Ni zilezile, mama, hazijabadilika." Jina lililingana kweli, na picha ya boksi ikalingana. Kirikuu kikaleta mzigo, fundi akapanga mistari ya kwanza jioni chini ya taa, na hakuna aliyeona tofauti. Asubuhi tulipofungua mlango wa mbele jua likaingia hadi ukutani. Nusu ya zamani ilikuwa inaelekea kwenye unjano, mistari mipya inaelekea kwenye ukijivu, na mpaka kati yake umenyooka kutoka mlangoni hadi chini ya meza ya televisheni.

Fundi alipiga magoti akaweka futi ya chuma juu ya kipande cha zamani, kisha juu ya kipya. Kipya kilizidi kwa kama milimita moja. Hapo tukaelewa kwa nini jana yake alikuwa analalamika kwamba misalaba ya kutenganisha vipande haikai na uzi unakimbia. Kuna boksi la zamani alikuwa amelitandaza sakafuni ili apigie magoti. Akaligeuza, akafuta vumbi kwa kiganja, akanionyesha mhuri mdogo ubavuni: jina lilelile, kipimo kilekile, lakini namba nyingine kabisa na ile ya boksi jipya. Akasema, "Mama, hizi zimechomwa siku tofauti."

Dukani nilionyeshwa kibao cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Duka silitaji, na wala simwiti muuzaji yule tapeli, kwa sababu naamini hata yeye hakuiangalia namba. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza kila ninapoingia duka la marumaru, mjini na pembezoni. Wengi wanauza kwa jina na kwa picha.

Namba hiyo ina sababu yake. Marumaru ni udongo uliosagwa, ukashindiliwa kwa mashine, ukapakwa rangi na ngozi ya kung'aa, kisha ukapita kwenye tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Udongo ukipikwa unasinyaa. Ukitofautiana kidogo na wa wiki iliyopita, au moto ukipanda kidogo, rangi inasogea na ukubwa nao unasogea. Kiwanda hakijakosea hapo, ndiyo asili ya kazi yenyewe. Ndiyo maana marumaru zinapotoka tanurini zinachambuliwa kwa shedi na kwa kaliba, yaani ukubwa halisi, kisha kila kundi linapigwa namba yake. Kwa hiyo taarifa ipo. Nyingi ya marumaru tunazonunua siku hizi zinachomwa hapa hapa nchini, mkoani Pwani, kule Mkuranga na Chalinze. Namba hiyo inapanda lori na mzigo wake, inapita Segera na Same, inafika Moshi salama, halafu inaishia kwenye rafu ya duka na kutupwa jalalani pamoja na boksi.

Sisi washonaji tusingethubutu. Mtu akiniletea kazi ya sare za harusi, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni kama kitambaa chote kimetoka jora moja, maana jina la kitambaa linaweza kuwa lilelile na mkolezo ukapishana, na kwenye picha ya harusi wasimamizi wawili wakaonekana wamevaa nguo mbali. Muuza vitambaa wa Mbuyuni analijua hilo, na kama jora limekwisha atakwambia kabla hujatoa hela. Sioni kwa nini muuza marumaru asiwe na uungwana huo huo.

Mwenye fedha ya kununua sakafu nzima kwa siku moja hakutani na shida hii. Mzigo wake unatoka kwenye lori moja na shedi moja, anatandika, anahamia. Biashara nzima ya kumalizia nyumba imepangwa kwa ajili yake, na sisi tunaonunua boksi tano leo na sita baada ya mavuno tunaingizwa humo humo kana kwamba hatuna tofauti. Naamini kwamba hapa Moshi sisi ndio tunaoendesha maduka hayo. Mteja wa lori anakuja mara moja, sisi tunakuja mwaka mzima.

Kwa anayeanza sasa, chukua hesabu hii aliyonipa fundi. Boksi la marumaru za 60 kwa 60 likiwa na vipande vinne linafunika mita za mraba 1.44. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia kumi ya kukata na kuvunjika, inakuwa 22. Gawanya kwa 1.44, unapata kumi na tano na kidogo, kwa hiyo nunua maboksi 16. Vipande vitakavyobaki visigawiwe jirani. Viweke, kwa sababu siku bomba litakapopasuka chini ya sakafu, namba ile ya shedi haitakuwa sokoni tena. Kama fedha haitoshi nyumba nzima, maliza chumba kimoja hadi kizingiti, na kingine kianze na mzigo mwingine. Chini ya mlango uliofungwa tofauti haionekani. Katikati ya sebule inaonekana kila siku.

Lakini wengi hata maboksi 16 kwa mara moja hatuyawezi, na hapa nina ombi la pili kwa wenye maduka. Tupokeeni malipo ya kidogo kidogo, mzigo wa shedi moja ukae ghalani kwa jina la mteja mpaka amalize. Wauza makochi wanafanya hivyo. Kwenye marumaru, ambako kupishana kwa mzigo kunaharibu sakafu, mpango huo una maana kuliko mahali pengine popote. Asiyemaliza kwa muda mliokubaliana arudishiwe chake kwa masharti yaliyoandikwa tangu mwanzo.

Pia turuhusuni kuondoka na kipande kimoja cha kujaribia, hata kwa kuacha hela ya dhamana. Taa za dukani ni nyeupe na kali, kila kitu kinapendeza chini yake. Nyumbani kwangu kuna mparachichi dirishani, mwanga unaoingia umeshapita kwenye majani, na ukuta wa pili una rangi ya maji tuliyopiga zamani. Mara ya pili nilipochagua, ya ukumbini, nilikopa kipande kwa muuzaji mmoja muungwana nikakilaza sakafuni siku nzima. Asubuhi nilikipenda. Mchana watoto wakakikanyaga na vumbi la Pasua, na unalijua vumbi letu lilivyo jekundu kiangazi, kikawa na alama ya kila kidole. Nikakirudisha nikachukua yenye rangi ya mchanga na mabaka kidogo. Grauti nayo, ile ya kujazia kati ya marumaru, nikachagua ya kijivu iliyokolea, maana nyeupe hapa kwetu haimalizi mwezi.

Na mnapotuuzia, mtuambie ipi ni ya ukutani na ipi ni ya sakafuni. Zinapangwa rafu moja na kwa macho zinafanana. Marumaru nyingi za ukutani ni laini, mwili wake unanyonya maji sana, zaidi ya asilimia kumi ya uzito wake, wakati porseleni ya sakafuni inanyonya isiyozidi nusu asilimia. Mnunuzi anaweza kupima mwenyewe: geuza kipande, dondosha maji mgongoni. Yakipotea papo hapo, hiyo huenda ni ya ukutani, usiitembelee. Kwa ya bafuni na ya baraza, mwagia maji upande wa juu ukanyage na mguu mtupu hapo hapo dukani. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike. Jirani yangu aliteleza kwenye baraza yake inayong'aa siku ya manyunyu akavunjika nyonga, na mpaka leo anatembelea gongo.

Kwa ajili hiyo chumba cha mama hatukukiwekea marumaru kabisa. Sakafu yake ni niru nyekundu ya baba, yenye nyufa chache pembeni mwa mlango, na nilipomwambia itabidi ivunjwe alinikatalia. "Mwanangu, sakafu hii naijua kwa miguu," alisema, "hiyo yenu nitaijulia hospitali." Nikamtafuta mzee mmoja wa Kibosho anayeijua kazi ya niru. Alichimba nyufa zikapanuka kidogo, akazilowesha, akajaza. Kisha kwenye kipande cha mlangoni kilichokuwa kimeliwa kabisa akamwaga mchanganyiko mpya, na ulipoanza kushika akanyunyiza saruji iliyochanganywa na rangi nyekundu, akaisugua kwa mwiko wa chuma taratibu, anapumzika, anarudi, mpaka ikaanza kung'aa yenyewe. Akafunika kwa magunia tukayamwagia maji siku saba. Kiraka kimekolea zaidi ya sakafu ya zamani na kinaonekana, lakini mzee alituambia kabla hajaanza kwamba kitaonekana. Gharama yake haikufika hata nusu ya marumaru. Nashangaa vijana wanaojifunza uashi hawaonyeshwi kazi hii kwa bidii. VETA ya hapa Moshi ingewaita wazee kama yule wakiwa bado wana nguvu za kushika mwiko.

Neno jingine ni la mafundi, na la wenye nyumba wa mbali. Kila mtu wa Kilimanjaro anajua Desemba inavyokuwa. Ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani, na kila mmoja anataka nyumba yake ya Machame, Marangu au Rombo iwe imepakwa rangi kabla hajashuka kwenye gari. Kuanzia Oktoba fundi wa mjini humpati. Anashika kazi tatu, simu inaita tu, na wewe uliyemlipa advansi mwezi wa tisa unabaki na ndoo za rangi na ukuta mtupu. Nawaelewa, ndiyo msimu wao wa kuvuna. Ila naomba fundi aseme ukweli: "Mama, mpaka Januari siji." Nikishaambiwa hivyo nitajipanga.

Na hao wanaokimbizana na Krismasi wanaumia pia. Lipu inapigwa Novemba, mvua za vuli zinanyesha, wiki mbili baadaye rangi inapandishwa juu. Ukuta una maji ndani, na saruji mbichi ina magadi yanayokula rangi. Ikifika Februari, jua la Moshi likiwa kali, maji yanatafuta njia ya kutoka, rangi inavimba na kubanduka, unga mweupe unatokeza kwenye kona. Lipu mpya inahitaji kama wiki nne ikauke, na kwenye unyevu zaidi ya hapo. Kuna kipimo cha bure: kata kipande cha nailoni ya wazi, kibandike ukutani kwa seloteipu pande zote nne, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, funga kopo la rangi usubiri. Hapa ndipo sisi wa polepole tunapowashinda wenye fedha. Ukuta wa chumba cha wanangu ulikaa na lipu tupu tangu kiangazi, si kwa kupenda, na rangi iliyokuja kupigwa juu yake haijatoa hata kipele.

Narudi kwenye risiti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa kufuata sampuli kilingane na sampuli yake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Sipendi tufike huko na watu ambao tunasalimiana nao kila wiki. Lakini mteja asiye na namba kwenye risiti atalalamika kwa ushahidi gani? Akisema "si zilezile," ataulizwa zilezile zipi. Namba ikiandikwa inamlinda na mwenye duka pia, maana mteja aliyeambiwa mapema kwamba shedi imekwisha, akachagua kununua hivyo hivyo, hatakuja kumfokea mbele ya wateja wengine.

Viwanda navyo viandike kwenye boksi, kwa Kiswahili na kwa maandishi yanayosomeka: hii ni ya ukutani au sakafuni, shedi namba fulani, hakikisha maboksi yako yote yana namba moja. Wino upo, boksi lipo.

Kwa wenye maduka, kama mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, haina nafasi ya kuingiza namba hiyo, geuzeni risiti muiandike nyuma kwa kalamu na kugonga mhuri wa duka. Mimi sebule yangu bado ina mistari ile miwili ya kijivu. Fundi amesema zikipatikana boksi za shedi ya kwanza, hata kwa mtu aliyebakiwa nazo, ataing'oa na kuipanga upya. Mwenye mabaki ya krimu 60 kwa 60 ndani ya manispaa, na boksi lake lina namba, naomba aache ujumbe kwa mhariri.

Mshonaji,
Pasua, Moshi